Vikombe Viwili na Fomu ya Kurasa Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefanyiwa utafiti. Nimefaulu!

Maelezo, kwa ajili ya kumbukumbu. Zahanati ya mtaa wetu imeungana na chuo fulani kuwachunguza watu elfu nne waliovuka miaka sitini: wanakula nini, wanalala vipi, wanatembea kiasi gani, wana sonona au hawana, na hayo yote yanawafikisha wapi kiafya. Tutafuatiliwa kwa miaka kumi. Nina miaka sabini na nne. Nimependa matumaini yao.

Binti wa fomu amefika saa tatu kamili. Miwani, viatu vya vumbi, mkoba mzito kuliko yeye. Kabla hajaketi niliondoa mezani kikombe cha pili cha chai. Hakukiona. Nikamletea kingine, kipya.

Maswali kurasa kumi na sita. Matunda? Mara tano kwa siku. (Tunda lililokuwamo nyumbani ni ndimu moja, nayo imekauka.) Kutembea? Kilomita sita. Usingizi? Saa nane bila kugeuka. Sigara? Sijavuta tangu kuzaliwa; hili ni kweli, nikasikitika kwamba halikusikika tofauti na yale mengine. Marafiki wa karibu? Kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa uaminifu. Tisa wamekwisha kufariki, wa kumi hatujui alikimbilia wapi mwaka ule tulipotawanyika, lakini swali halikusema lazima wapatikane. Wa kumi na moja simtaji hapa.

Kisha ukurasa wa moyo. Mara ngapi umejiona mpweke, mara ngapi umekosa hamu, na kadhalika. Kila swali kuanzia sifuri hadi tatu. Nikajibu sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Nilikuwa msoma prufu miaka thelathini na mitatu katika kiwanda cha uchapaji. Makosa sifuri ndiyo alama ya juu kabisa.

Fomu ilipoisha akauliza tu, bila kalamu, kazi hiyo ya kusoma prufu ilikuwaje. Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu nistaafu. Nikamweleza habari ya koma moja iliyotaka kumfunga mhariri. Dakika arobaini! Alisikiliza mpaka chai yake ikaota utando.

Akahitimisha kwamba niko salama na kwamba watanipigia simu baada ya miezi kumi na miwili. Akaacha bahasha ya mkwe wangu. Kila mshiriki lazima awe na shahidi wa nyumbani anayejaza fomu yake kwa siri. Sina wasiwasi. Mkwe ananiheshimu.

Jumanne, 4 Machi

Nimevuka korido kumpa pole Fundi Saa, ambaye naye amefanyiwa utafiti.

Huyu ni jirani wa mlango wa mbele, fundi wa saa mstaafu. Ametoka mji uleule niliotoka mimi, bahati mbaya ambayo nimeivumilia miaka kumi na tisa. Nikamuuliza kwenye ukurasa wa moyo amepata ngapi. Kumi na saba! Nusura nimwage kete za drafti. Nikamwambia asife moyo, wengine tumejaliwa. Akauliza mimi nimepata ngapi. Sifuri, nikasema, na nikaacha neno lenyewe lifanye kazi.

Akasema, “Wewe? Sifuri? Bwana wee, hata saa iliyokufa ina makosa mawili.”

Wivu mtupu. Kisha tukagombana kuhusu saa ya soko, kama kawaida. Soko la kwetu lilikuwa na mnara wenye saa. Mimi nashikilia ilikuwa mbovu, imesimama saa kumi na robo. Yeye anaapa ilitembea vizuri, maana ndiye aliyeijaza funguo kila Ijumaa. Nilikuwa nikiitazama asubuhi ile tulipoondoka, mzigo kichwani, jua ndiyo kwanza linachomoza, na saa inasema kumi na robo. Siwezi kusahau kosa kubwa kama lile katika maandishi makubwa kama yale. Nikamwambia kwamba alijaza funguo za saa nyingine katika mji mwingine. Amenila kete tano. Nilikuwa nimemruhusu.

Jumatano, 5 Machi

Aibu! Dhuluma!

Saa nne asubuhi nimesikia kicheko koridoni. Cha msichana. Nikafungua mlango kidogo: binti wa fomu, ameketi kwa Fundi Saa, viatu amevua, kikombe mkononi. Nikaamua kufagia korido. Niliifagia mara tatu. Mlango wao ulikuwa nusu wazi, na Fundi Saa alikuwa akisimulia kitu kirefu kwa mikono miwili, binti anafuta machozi ya kucheka. Saa moja na dakika ishirini!

Alipoondoka nikamuuliza jirani yangu, kwa sauti ya mtu asiyejali, kulikoni. Akasema wale waliopata zaidi ya kumi wametengewa kundi lao. Kundi la kutembelewa. Kila Jumatano, mwaka mzima. Jumatano ijayo anatarajia mgeni tena. Akafunga mlango akitabasamu kama mtu aliyeficha kete mfukoni.

Basi hesabu ni hii. Mwenye kumi na saba anatembelewa mara hamsini na mbili. Mwenye sifuri anapigiwa simu mara moja, Machi ijayo, na pengine siku hiyo mtandao utakuwa mbovu. Hii ndiyo zawadi ya kuwa mzima!

Chai leo imepoa, vikombe vyote viwili.

Alhamisi, 6 Machi

Nina mpango. Ni mzuri sana.

Nimekwenda ofisi ya utafiti, chumba cha bati nyuma ya zahanati. Feni moja, makabati matatu, karani mmoja mwenye usingizi. Nikauliza kama mshiriki anaweza kurekebisha majibu yake endapo amegundua alijibu kwa haraka. Karani akasema anaweza, ila kabla ya Jumanne saa sita mchana. Baada ya hapo makundi yanafungwa mwaka mzima. Akanipa fomu mpya.

Njiani nikaipitia. Masikini! Swali la kumi na nne linarudiwa kama la ishirini na mbili. Ukurasa wa tisa hauna namba. “Mara kwa mara” imeandikwa kwa namna mbili katika mstari mmoja. Watu wa chuo hao! Nikanunua kalamu nyekundu. Nitafanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja: nitaingia katika kundi la kutembelewa, na binti ataona ni mtu wa namna gani anayemtembelea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaza. Tatu, tatu, tatu, ukurasa wa moyo mzima. Silali kabisa, na papo hapo nalala kupita kiasi. Sili kitu, na nakula bila kipimo. Sigara ishirini kwa siku, maana fomu ilikuwa na nafasi na mwanzo mzuri unahitaji mwendelezo. Marafiki: hakuna.

Kulikuwa na swali moja kuhusu kutamani kutokuwapo duniani. Hilo niliandika sifuri, kwa utulivu, na ni kweli. Kuna mahali mtu hafanyi mzaha.

Kisha kalamu nyekundu. Nimesahihisha makosa hamsini na nane. Maswali yasiyonihusu nimeyapiga alama ya kufuta, ile tuliyoitumia kiwandani: mstari unaokata maneno, unaishia pembeni kwa kitanzi kizuri. Swali la wanawake peke yao, “Je, una ujauzito?”, nimelifuta kwa kitanzi ambacho mkuu wangu wa zamani angekionyesha kwa wanagenzi.

Nikaipeleka mwenyewe. Mbele ya karani nikalegeza mabega na kupumua kwa mafungu. Akainuka, akanipa kiti na maji ya baridi. Nimewahi kuona waigizaji wabaya zaidi wakipigiwa makofi. Nilitoka nikipiga mluzi. Nilipokumbuka nilikuwa bado mlangoni. Nikaumalizia mluzi kwa huzuni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekumbuka bahasha ya shahidi wa nyumbani.

Mkwe ni mke wa mwanangu wa pekee. Mwanangu ni dereva wa lori la masafa, nyumbani tunamwona siku mbili kwa mwezi. Mkwe hupiga pasi katika duka la dobi, anaingia saa tatu asubuhi na kurudi miguu imemvimba. Hana maneno mengi. Nikamfuata jikoni, nikachukua kisu, nikaanza kumenya vitunguu bila kuombwa. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kwamba ikiwa fomu yake iko tayari, itapendeza isomeke kwamba hali yangu si nzuri. Na kwamba naweza kumenya vitunguu mwezi mzima.

Akasema fomu yake aliirudisha Jumanne.

Nikauliza aliandika nini.

“Ukweli, baba,” akasema, na akaninyang’anya kisu maana nilikuwa nakata maganda mazito.

Neno hilo limenikosesha raha mchana kutwa. Ukweli gani? Wa nani?

Jumapili, 9 Machi

Hakuna jambo. Nimesahihisha gazeti zima. Makosa arobaini na moja, mawili katika tangazo la shule.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika hili polepole, kalamu isitoboe karatasi kwa hasira.

Saa mbili simu ya mkwe imelia akiwa anavaa viatu. Mkunga wa zahanati. Amempongeza, kisha akaomba kuzungumza na mama kijacho mwenye namba yangu ya utafiti, aje kliniki ya kwanza bila kukosa, aje na daftari, na aache sigara leo hii, maana ishirini kwa siku ni hatari kwa kiumbe.

Mkwe alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi tumboni. Hakucheka. Angecheka ningepona. Alinusa koti langu nyuma na mbele, akauliza hizo sigara nazificha wapi.

Nimekwisha kulielewa tukio lenyewe. Kitanzi changu kiliangukia sawasawa ndani ya kisanduku cha “ndiyo”. Anayeingiza majibu kwenye kompyuta hajawahi kuona alama ya kufuta maishani mwake! Kizazi hiki kikiona wino ndani ya kisanduku kinaona jibu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa utafiti, mimi ni mtu wa miaka sabini na nne, mjamzito, mvutaji, ninayelala na nisiyelala, na ambaye pia amekiri kung’olewa kizazi mwaka jana.

Habari imevuka korido kabla ya saa nne. Kuta zetu ni za ubao. Fundi Saa amenipigia hodi kwa adabu ya ajabu, akaniletea ndimu mbili, akasema amesikia watu wa hali yangu hutamani uchachu. Akaniuliza nimeufikiria uzao uitwe nani. Akanishauri nisibebe ndoo. Nimemfungia mlango usoni. Nimesikia anavyocheka mpaka kwake, akijishikiza ukutani.

Ndimu nimezichukua.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa ofisini saa nne. Saa mbili tu kabla makundi hayajafungwa. Nikavaa koti, nikapiga moyo konde. Mtu wa prufu hatetemeki mbele ya karatasi.

Binti wa fomu alikuwa na fomu zangu zote mbili mbele yake. Kwanza akanishukuru kwa masahihisho. Hamsini na sita kati ya hamsini na nane yamekubaliwa. (Mawili nitayatetea kwa barua.) Kisha akasema, “Babu, watu hawa wawili hawawezi kuishi katika nyumba moja. Yupi ni wewe?”

Nikajibu kwamba mtu ana pande nyingi. Akasema si pande kumi na sita. Nikanyoosha koti kwa hadhi.

Akatoa karatasi ya tatu. Akasema mkwe ameruhusu nisomewe mistari michache, na kwamba nikitaka asisome, hatasoma. Nikasema asome tu, nina uzoefu wa kusikiliza makosa ya watu.

Mkwe ameandika hivi, nanakili bila kusahihisha: Baba hulala saa tatu na kuamka saa nane, kisha anakaa. Matunda hali. Hutembea hadi mlango wa jirani na kurudi. Tangu mama afariki, miaka mitatu sasa, kila asubuhi huandaa vikombe viwili. Cha mama hakiguswi mpaka kipoe. Halafu anakinywa mwenyewe, na anakiosha mwenyewe, mimi haniruhusu.

Feni ilikuwa inazunguka. Inahitaji mafuta upande mmoja.

Nikaeleza kwamba vikombe viwili ni kwa ajili ya ulinganifu wa meza. Binti hakuandika. Alifunika kalamu yake, akaniuliza swali ambalo halimo kwenye kurasa zote kumi na sita: kwa siku nzima, ninazungumza na nani?

Nikafikiri. Nikasema yupo mtu mmoja. Namdharau sana.

Akacheka kile kicheko nilichokisikia koridoni. Ndipo likatoka jambo lenyewe. Jumatano ile hakwenda kwa Fundi Saa kwa matembezi. Alikwenda kumweleza tu utaratibu. Utafiti unataka kujua kama wazee wanaotembeleana wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kila wiki, hali zao za moyo zinabadilika kuliko za wale wanaopigiwa simu. Yeye binti hatembelei mtu. Alimwomba jirani yangu ataje mwenzi. Akanitaja mimi papo hapo. Saa moja na dakika ishirini alikuwa anasimulia visa vyangu! Kile cha mwavuli pia, bila shaka, ambacho sitakiandika hapa. Ila binti hakuweza kuniandika, maana karatasi yangu ilisema nina marafiki kumi na mmoja na moyo usio na doa. Jina la Fundi Saa likabaki wiki nzima bila mwenzi. Alipewa majina mengine matano. Amekataa yote.

Akasukuma karatasi mbele yangu. Akasema ukurasa wa moyo tutaujaza upya yeye na mimi, taratibu, hapo hapo, na kwamba sharti ni moja, nisimpe namba ninayoipenda. Tumeujaza. Kumi na tisa.

Kumi na tisa! Nimempita Fundi Saa kwa alama mbili.

Kuhusu sahihi ya fomu ya wenzi, niliuliza kwanza kama ya Fundi Saa imekwisha kutiwa. Imetiwa tangu Jumatano. Nikatia yangu kubwa zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja. Saa nne kamili, koti amelipiga pasi, kama anayekwenda kuposa. Ametembea hatua saba kutoka mlango wake na ametaka zihesabiwe kama zoezi.

Nilikusudia kuondoa kikombe cha pili. Nilichelewa, nilikuwa natafuta ubao wa drafti. Akaketi mahali ambapo hakuna aliyeketi kwa miaka mitatu, akashika kikombe, akaonja, akasema sukari haitoshi. Nilifungua kinywa nimfukuze. Kilichotoka ni, “Kopo liko nyuma yako.” Sijui kwa nini.

Tumegombana kuhusu saa ya soko. Nikamwambia tena habari ya asubuhi ile: jua linachomoza, saa inasema kumi na robo. Akaweka kijiko chini. Akauliza asubuhi ile ilikuwa siku gani. Nikasema Jumatatu. Katika miaka kumi na tisa hatujawahi kuulizana. Siku ile huwa hatuigusi, tunazunguka pembeni yake kama samani nzito. Akahesabu kwa vidole. Akasema yeye na wanawe waliondoka Alhamisi iliyotangulia, usafiri ulipatikana ghafla. Ijumaa ile hakuna aliyepanda mnara kuijaza funguo. Ingetembea siku moja zaidi, mbili ikibanwa. Akasema kwa sauti ndogo, “Basi ilisimama kwa sababu yangu.”

Nje mtu alikuwa anaburuta meza. Nilitaka kumwambia kwamba hata sisi wengine tuliacha vitu bila kuvijaza funguo, mke wangu aliacha dengu zimelowekwa. Nikasema hivyo. Akatikisa kichwa, akaongeza chai.

Kwa maana hiyo alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi. Nimekataa. Siwezi kupoteza hoja ya miaka kumi na tisa kwa sababu ya ushahidi tu. Nimemwambia saa ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Amefurahi sana, ameniita mkaidi wa kuzaliwa, akanila kete nne.

Baada ya kila matembezi kuna fomu. Kurasa mbili tu, wanajifunza. Swali la kwanza: mwenzako anaonekana vipi? Nimeandika: vibaya. Swali la pili: mazungumzo yalichukua muda gani? Yalichukua saa tatu na robo, lakini sitampa sifa hizo. Nimeandika dakika kumi na tano. Hali yako ya moyo leo? Sifuri, nikafuta, nikakumbuka vitanzi, nikaandika ishirini, ili mwezi ujao nisije nikaonekana nimepona na kuondolewa. Mpango mzuri sana. Hawatanigundua.

Ameondoka akisema Jumatano ijayo tutakunywa tena, maana ameona nilikuwa nimekwisha kumwandalia kikombe. Kumwandalia! Ana kiburi mtu huyu! Lazima afundishwe.

Wiki ijayo naandaa vikombe vitatu.